Bado Togwa

Kanisa liliuzwa mwaka ule paa lilipoanza kuvuja.
Aliyelinunua ni Idwal, mtoto wa fundi bomba,
akasimika matangi matatu ya chuma cha pua
pale pale walipoketi wazee wa kanisa
kutukazia macho.

Bibi Tegwen aliapa hatakanyaga.
Miaka minne, akipita na basi,
aligeuza uso upande wa mto.
Leo mvua inanyesha mshazari
(mvua ya Welisi haina haraka, inajua itakukuta),
akasema tu: "Nipeleke nikaone walivyoliharibu."

Harufu ilitupokea mlangoni kabla ya mtu:
kimea kilicholoweshwa maji moto,
uji wa shayiri, mkate unaokaribia kuungua.
Bibi akasimama.
"Baba aliwapikia farasi wa machimbo hivi hivi."
Kisha kimya, maana ni baba huyo huyo
aliyekuwa akileta mshahara nyumbani kila Jumamosi
ukiwa umeshanyonyolewa.

Mabenchi ni yale yale.
La kwao alilitambua kwa kidole, chini ya ubao:
herufi T, na nusu ya E
iliyokatizwa na kofi la mama
mwaka wa arobaini na saba.
Kijana aliyelikalia, jina la mbwa wake limechorwa shingoni,
alisogea bila kuambiwa.

Ukutani ubao wa nambari za tenzi bado unaning'inia,
ila sasa Idwal hupangia ukali wa bia zake:
42. 56. 38.
Vibao vya nukta havikuwahi kuwapo; kanisani nani alizihitaji?
Bibi akavaa miwani.
"Arobaini na mbili," akasoma,
akaanza kuguna sauti ya pili, peke yake,
sauti ile ambayo ni kama ngazi isiyo na ukuta
mpaka mwingine aje na ya kwanza.

Hefin wa duka la misumari, pale dirishani,
aliweka glasi chini, akafuta povu mdomoni,
akaja na ya kwanza.

Ubeti mmoja tu.
Halafu watu wakarudi kwenye raga yao.

"Nilitia sahihi chumba cha nyuma," Bibi akamwambia Idwal
aliyekuja na aproni imelowa hadi magotini.
"Miaka tisa nilikuwa nayo. Wino wa zambarau.
Tone halijapita hapa." Akagusa koo.
Nikajiandaa kuomba radhi, sijui kwa nani.

Idwal hakubisha. Alijikuna sikio,
akaenda kwenye sufuria kubwa, akafungua koki,
akarudi na kikombe cha bati kinachofuka,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
"Haijaona hamira hii," alisema. "Bado togwa.
Mchungaji mwenyewe angekunywa, na angeongeza."

Bibi alinusa.
Akatazama roshani ya juu, viti vitupu,
kama anayemtafuta mtu wa kumwomba ruhusa,
na pengine alimwona, maana alikunywa.
Akanywa tena.
"Tamu kupita kiasi," alisema, kwa sauti ya mashtaka,
na kikombe akakinyoosha kijazwe.

Mimi nilikunywa ile ya hamsini na sita—
hapana, nilinusa tu; nilikuwa naendesha.
Nikalipia chupa mbili za kwenda nazo
na Bibi akajifanya anasoma majina
ya waliokufa vitani, kwenye marumaru,
ambayo Idwal hakuyagusa wala hakuyatundikia kitu.

Garini vipangusio vilikwenda na kurudi.
Masharubu ya utamu yalikuwa yamekauka juu ya mdomo wake
na sikumwambia.
"Ile," aliuliza, "itakuwa bia lini?"
"Wiki mbili, Bibi."
Alifikiri toka kituo cha mafuta mpaka darajani.
"Basi tumewahi."